Kusoma kichekesho kifupi na kukaa na watu wake: mwongozo wa hatua kwa hatua

Kichekesho kifupi kinasomwa haraka na kusahauliwa haraka. Mtu atakaa na shairi jioni nzima akiutafuta undani wa ubeti mmoja, lakini mistari mitatu iliyomtoa machozi kwa kicheko hairudii tena, wala haulizi aliyeitunga ni nani. Kwangu hiyo ni hasara kubwa. Anayeweza kukuvunja mbavu kwa maneno ishirini amefanya kazi ngumu, na kazi hiyo inastahili msomaji anayeijua.

Mwongozo huu ni wa msomaji huyo. Haufundishi kupanda jukwaani. Unafundisha kusoma kichekesho kwa makini, kukihifadhi, na kuishi vizuri na watu wanaokitunga na kukipokezana. Shika jambo moja kabla hatujaanza: kichekesho kifupi hutungwa na watu wawili. Mtunzi anaandika nusu, nusu ya pili anaiacha wazi makusudi, na msomaji ndiye anayeijaza. Asipoweza kuijaza, hacheki. Hatua zote zinazofuata zinatokana na hapo.

Hatua ya 1: Anza na mstari mmoja, na uusome kwa sauti

Usianze na hadithi ndefu. Anza na mstari mmoja, na mahali pazuri pa kuupata ni kwenye kanga. Kanga ina pindo, ina mji, na ina jina, yaani yale maneno yaliyochapwa karibu na pindo la chini. Majina ya mwanzo yaliandikwa kwa herufi za Kiarabu, baadaye yakaja ya herufi za Kirumi, lakini nafasi imebaki finyu vilevile, hivyo kila neno lazima lilipie nafasi yake. Chukua jina hili ambalo wanawake wa pwani wamelivaa miaka mingi:

"Naogopa simba na meno yake, siogopi mtu kwa maneno yake."

Lisome kimoyomoyo, kisha lisome kwa sauti. Kwa sauti utakisikia ambacho jicho lilikiruka. "Meno" na "maneno" yanapigana vikumbo. Kipande cha kwanza kinaanza na "naogopa", cha pili na "siogopi", kwa hiyo sikio linajua kwamba kuna kitu kitageuzwa na linasubiri kionekane. Halafu ule mchezo wenyewe: msengenyaji amewekwa kwenye mizani moja na simba, akapimwa, akaonekana mwepesi. Simba kapewa heshima yake kamili. Msengenyaji hakupewa hata heshima ya kuogopwa.

Sasa ongeza kitu ambacho hakimo kwenye kitambaa: nani kaivaa, na kapita wapi. Jina hili likiwa limekunjwa kabatini ni maneno ya busara tu. Likivaliwa siku ya harusi na mtu akapita nalo taratibu mbele ya jamvi la mwenzake aliyemsema wiki iliyopita, ukumbi mzima unaelewa, na aliyelengwa hawezi kulalamika, maana jina lake halikutajwa popote. Akilalamika amejitaja mwenyewe. Ukielewa kwa nini hawezi kulalamika, umeelewa nusu ya ufundi wa kijembe cha Kiswahili.

Kusanya mistari ya namna hii kwa siku chache: ya kanga, ya nyuma ya bajaji, ya vioo vya daladala na matatu, ya mabodi ya malori. Kila mmoja uusome kwa sauti. Mstari ukikwama mdomoni, tafuta neno linaloukwamisha. Mara nyingi ni neno ambalo lingeweza kuondolewa na maana isipungue.

Hatua ya 2: Tafuta kilichoachwa bila kusemwa

Hii ndiyo hatua yenye uzito kuliko zote, nami nitakaa nayo.

Tarehe 5 Novemba 2023, Yanga iliifunga Simba mabao 5–1 kwenye Ligi Kuu ya Tanzania Bara. Yanga ilianzishwa mwaka 1935, Simba mwaka 1936, na tangu enzi hizo zinaitwa watani wa jadi. Baada ya mechi ile, namba tano ilikuwa mzigo kwa shabiki wa Simba. Ukimwinulia mkono kumsalimia, amehesabu vidole. Kichekesho cha siku zile kingeweza kuandikwa hivi:

Konda: "Nauli mia tano."
Abiria mwenye jezi nyekundu: "Sema mia nne na mia moja."

Hesabu vilivyoachwa. Mpira haukutajwa. Yanga haikutajwa, wala Simba, wala matokeo, wala siku. Kilichobaki ni rangi ya jezi, nyekundu ya Simba, na nauli. Msomaji anayeyajua matokeo anaunganisha rangi na namba peke yake, na kicheko kinamtoka pale anapounganisha. Furaha yake imechanganyika na fahari ndogo ya kung'amua, na hiyo ndiyo inayomfanya atamani kumwonyesha mwingine.

Fanya jaribio. Ongeza sentensi moja chini yake: "Maana timu yake ilifungwa tano." Soma tena. Kimekufa. Hukuongeza uongo wala tusi, umeongeza maelezo tu, lakini umemnyang'anya msomaji kazi yake.

Fanya jaribio la pili. Badilisha jezi iwe ya kijani, rangi ya Yanga, kisha ukisome ukiwa umeikumbuka tarehe 6 Mei 2012, Simba iliposhinda 5–0. Kichekesho kilekile kinageuka na kumkabili mwenye kucheka wa kwanza. Maandishi yamebadilika neno moja, lakini msomaji anayecheka ni mwingine kabisa. Hapo utaona jinsi ambavyo kichekesho kimewekwa ndani ya kumbukumbu ya watu kuliko kwenye karatasi.

Kwa hiyo kila ukikutana na kichekesho kifupi kilichokugusa, jiulize maswali haya kabla hujaendelea na mambo mengine. Nini hakikusemwa? Nani anakijua? Kitaeleweka mwaka kesho? Cha nauli kitaeleweka kwa muda mrefu kwa sababu mashabiki wa mpira hawasahau. Kinachotegemea bei ya sukari ya wiki hii kitakufa bei ikishuka, na hilo halikifanyi kuwa kibaya. Vitu vingine vinatungwa kwa ajili ya leo, na vinastahili kusomwa leo.

Hatua ya 3: Jua nani anamtania nani

Msomaji anayeruka hatua hii atacheka pasipochekwa na atakasirika pasipo na kosa. Utani una njia zake. Wa kwanza tunajifunza nyumbani, kati ya bibi na mjukuu wa kiume, babu na mjukuu wa kike. Wanaitana mume na mke, na mtoto anakua akijua kwamba kuna watu ambao anaruhusiwa kuwajibu kwa namna ambayo kwa baba yake angepigwa kofi.

Bibi: "Mume wangu, umerudi mikono mitupu?"
Mjukuu, na begi la shule mgongoni: "Mke wangu, mshahara haujatoka."

Tazama begi la shule. Bila begi hilo, msomaji anaona mume na mke wanagombana kuhusu pesa. Likiingia, picha yote inageuka. Tazama pia "haujatoka". Mtoto hakusema "sina". Amelitoa jibu la watu wazima, lile alilolisikia baba akilitoa sebuleni tarehe 25. Mtu asiyeijua desturi ya bibi na mjukuu kuitana hivi hataona chochote cha kuchekesha hapa, na tena anaweza kushtuka.

Baada ya nyumbani unakuja utani wa makabila, ambao Tanzania umefumwa vizuri sana. Baadhi ya uhusiano huo ulitokana na vita vya karne ya 19, mwingine na misafara ya biashara iliyotoka bara kwenda pwani, mwingine na ujirani tu. Wanyamwezi na Wazaramo ni watani. Wachaga na Wapare ni watani. Siku ya msiba mtani ana kazi rasmi: anakuja kuwatoa wafiwa kwenye huzuni. Anaweza kumsema vibaya marehemu mbele ya ndugu, akaingia kaburini na kukataa kutoka mpaka apewe chochote, na watu wanalia na kucheka kwa pamoja. Kwangu mimi hakuna ushahidi mkubwa kuliko huo kwamba ucheshi ni jambo la maana. Jamii nzima imeuwekea nafasi kwenye saa yake ngumu kuliko zote.

Katika maandishi, utani huu hufanya kazi unapokwenda na kurudi. Mfano:

Mchaga: "Mpare aliuza ng'ombe apate nauli ya kwenda mahakamani kudai kuku."
Mpare: "Kweli. Na aliyemnunua ng'ombe ni Mchaga, akalipa bei ya kuku."

Mstari wa kwanza peke yake ni wa kawaida. Watu wamekuwa wakiwasema Wapare kwa kupenda kesi tangu zamani. Uzuri uko kwenye "kweli". Mpare hakupinga. Ameikubali hadithi yote kama ilivyo, akachukua vitu vilevile viwili, ng'ombe na kuku, akamrudishia mwenzake sifa yake ya kupenda faida. Hakuleta kitu kipya kutoka nje isipokuwa mnunuzi. Ukisoma utani ulioandikwa, angalia jibu limetumia vitu vingapi vya mstari wa kwanza. Kadiri lilivyotumia vilevile, ndivyo lilivyo zuri.

Ukikisoma kichekesho cha kabila na ukaona kinakwenda upande mmoja tu, aliyetaniwa hana nafasi ya kujibu na aliyeandika si mtani wake, hapo umetoka kwenye utani. Tumia jina lake halisi, nalo ni dhihaka.

Hatua ya 4: Angalia anayeumia

Fupi na wazi. Kabla hujakipeleka kichekesho kwa mtu mwingine, tazama anayechekwa ni nani na amechekwa kwa lipi. Mwenye nguvu, bahili, mwenye majivuno, mwenye ahadi nyingi: hao wana mabega ya kubeba. Ulemavu, ugonjwa, umasikini ambao mtu hakuuchagua: acha. Huna haja ya kutoa hotuba. Usikipeleke tu.

Hatua ya 5: Rudi kwa vilivyodumu

Ukishazoea vya leo, rudi kwa vile vilivyopita kwenye midomo ya watu wengi. Abunuwasi ni mahali pa kwanza. Jina lake linatokana na mshairi wa kweli, Abu Nuwas, aliyeishi Baghdad zama za Khalifa Harun al-Rashid, lakini Abunuwasi wa pwani yetu ameshakuwa mtu mwingine: mjanja asiye na mali anayewashinda matajiri na wafalme kwa maneno yao wenyewe. Hadithi zilezile Waturuki wanamsimulia Nasreddin, na Waarabu wanamsimulia Juha.

Chukua ile ya sufuria. Abunuwasi anaazima sufuria kwa jirani, anairudisha na sufuria ndogo ndani yake. "Sufuria yako imezaa." Jirani anapokea zote mbili kwa furaha. Siku nyingine anaazima tena, safari hii harudishi. Jirani anakuja kuulizia. "Pole, jirani. Sufuria imekufa." "Sufuria inakufaje?" "Uliposikia imezaa hukuuliza inazaaje."

Karibu kila msomaji wa Kiswahili ameisikia, na kwa sababu hiyo inafaa kusomwa polepole. Angalia mahali mtego ulipotegwa. Haukutegwa kwenye kifo, umetegwa kwenye uzazi, wakati jirani anacheka na kupokea. Msimuliaji mzuri anaipita sehemu hiyo haraka, kana kwamba haina maana. Msimuliaji mbaya anaongeza hapo: "Jirani kwa tamaa yake akakubali." Neno "tamaa" likitajwa mapema, mtego umeonekana. Tamaa lazima ibaki bila jina, ili msikilizaji aigundue mwishoni, na agundue pia kwamba hata yeye hakuuliza sufuria inazaaje.

Zoezi lake ni hili. Waombe watu watatu wa rika tofauti wakusimulie hadithi hii, kila mmoja kwa wakati wake. Sikiliza wanatofautiana wapi. Mmoja atasema jirani, mwingine Mhindi mwenye duka, mwingine sultani. Mmoja atamaliza na "imekufa", mwingine ataongeza kadhi na mahakama. Jiulize ni upi ulikupa kicheko na kwa nini. Mimi naupenda ule unaoishia kwenye swali la uzazi bila kadhi, kwa sababu kadhi anakuja kueleza kile ambacho jirani ameshakielewa.

Hatua ya 6: Soma vibonzo pamoja na tarehe zake, na uwe na daftari

Kibonzo ni kichekesho kifupi chenye picha, na Afrika Mashariki ina hazina yake. Wasomaji wa gazeti la Uhuru wa miaka ya 1960 na 1970 walikuwa na Chakubanga wa Christian Gregory. Jarida la Sani lilimleta Lodi Lofa, Madenge na Ndumilakuwili, na kizazi kizima Tanzania kilijifunza kusoma kwa furaha kupitia kurasa zake. Gado, mzaliwa wa Dar es Salaam, alianza kulichorea gazeti la Nation la Nairobi mwaka 1992. Masoud Kipanya ana kipanya chake ambacho Watanzania wanakitambua kabla hawajasoma neno lolote.

Kisome hivi: picha kwanza, maneno baadaye, tarehe mwisho. Kwenye picha tafuta kitu kidogo kilichowekwa pembeni, kwa maana wachoraji wengi huficha mzaha wa pili huko. Tarehe ni ya lazima. Kibonzo cha gazeti kilitungwa kwa mtu aliyeisoma habari ya asubuhi ile. Ukikikuta miaka kumi baadaye bila tarehe, umekuta nusu ya kazi, na hata mchoraji angepata tabu kukueleza nusu nyingine. Ukiwa na tarehe unaweza kwenda kwenye maktaba yenye magazeti ya zamani, ukafungua ukurasa wa kwanza wa siku ile, ukacheka kicheko kilichochelewa.

Hapo ndipo daftari linapoingia. Nunua la kawaida. Kila kichekesho unachotaka kukitunza, kiandike neno kwa neno kama ulivyokisikia au kukisoma, usikirembe. Chini yake andika ulikipata wapi, lini, kwa nani, na nini kilikuwa kimetokea siku hizo. Hiyo ya mwisho ndiyo watu huiacha na ndiyo inayohitajika kuliko zote. Ukimjua mtunzi, andika jina lake kwanza, juu kabisa. Vichekesho vinasafiri bila majina ya wenyewe, na mtunzi anaweza kusimuliwa kichekesho chake mwenyewe na mtu anayedai ni cha shemeji yake. Msomaji anayetunza jina la mtunzi anamfanyia haki ambayo hatalipwa kwayo, na mimi naiona kuwa ndiyo adabu ya kwanza ya jamii hii.

Hatua ya 7: Kaa na watu

Kichekesho kinachosomwa peke yako kimekamilika nusu tu. Tafuta watu. Dar es Salaam utawakuta kwenye vijiwe vya kahawa na kando ya meza za magazeti, ambako watu husoma vichwa vya habari wakiwa wamesimama na kuvijibu kwa sauti. Zanzibar, Mombasa na Lamu kuna mabaraza ya nje ya nyumba. Jaws Corner pale Mji Mkongwe ni maarufu kwa kahawa, siasa na maneno. Wanawake wana saluni, wana shughuli za harusi, wana vikao vya vikoba, na naamini ucheshi mkali kuliko wote wa Kiswahili unatungwa huko, kwa sentensi fupi, wakati mtu anasukwa na hawezi kugeuza shingo.

Siku za kwanza, sikiliza. Kunywa kahawa yako, kula kashata, ujue nani ni mtani wa nani na nani ana wadhifa wa kuanza. Kila kijiwe kina mmoja ambaye watu humgeukia kukitokea jambo, kusikia atasema nini. Msikilize huyo, lakini msikilize zaidi yule anayekaa kimya na kutoa neno moja kwa saa.

Kisha shika adabu za hapo. Usiwahi neno la mwisho la kichekesho cha mwenzio hata kama unakijua. Ukikijua, sikiliza namna anavyokisimulia, maana hapo ndipo ufundi wake ulipo. Ukiwa na mgeni asiyeelewa, mweleze pembeni baadaye, usisimamishe kikao. Mwenye umri mkubwa akikutania, pokea: "Shikamoo mzee, umeniweza." Mpaka atakapokuonyesha kwamba nawe unaweza kujibu, na atakuonyesha.

Jifunze pia kusifu. "Umenivunja mbavu" ni sifa nzuri, lakini inamwacha mtunzi bila kujua alichofanya vizuri. Taja neno. "Lile 'haujatoka' ndilo lililonimaliza." Mtunzi akisikia hivyo anajua kuna mtu alisoma kweli. Nimeona watu wazima wakinyanyuka na furaha ya siku nzima kwa sababu ya sifa ya sentensi moja iliyotaja neno sahihi.

Hatua ya 8: Jifunze kujibu

Kenya kuna shule nzuri ya hili, nayo ni mchongoano. Vijana wa Nairobi na miji mingine husimama kwenye duara, wawili wanapambana, waliozunguka ni waamuzi, na kicheko chao ndicho hukumu. Umbo lake ni jepesi: kitu fulani ni cha namna fulani hadi kinatokea jambo lisilowezekana.

"Nyumba yenu ni ndogo hadi jua likiingia, nyinyi mnatoka."

Inapendeza kwa sababu chumvi yake ina picha moja inayoonekana. Unaliona jua likipita mlangoni, unaiona familia ikilipisha. Angesema "ni ndogo kuliko kiberiti" ungeelewa, lakini hakuna anayetembea kwenye picha hiyo. Ukisikia mchongoano, tafuta kitendo. Wenye kitendo wanakumbukwa.

Kanuni ya kujibu ni ileile ya Mpare na Mchaga: chukua alichokupa, usilete tusi la nyumbani kwako. Jua limeingia, umetoka, basi mjibu kwa jua hilohilo: "Afadhali sisi, kwenu jua huangalia bei ya kodi likapita." Na ukishindwa, cheka kwa sauti kuliko wote. Aliyeshindwa akacheka anaalikwa tena kesho. Aliyeshindwa akanuna hapewi nafasi ya pili kirahisi.

Hatua ya 9: Kata maneno kwa mkono wako

Hata kama hutaki kuwa mtunzi, jaribu mara chache. Hakuna njia fupi zaidi ya kuwaheshimu watunzi. Soma hiki:

"Kulikuwa na mzee mmoja bahili sana ambaye hakupenda kula na wageni. Siku moja alikuwa anakula, akaja mgeni kijana akabisha hodi. Mzee kwa ubahili wake akaificha sahani ya chakula uvunguni mwa kitanda ili mgeni asiione, lakini mgeni alikuwa ameiona. Mzee akamdanganya kwamba wameshakula. Mgeni akasema hana njaa bali amechoka na anataka kulala. Mzee akamwambia alale kitandani. Yule kijana mjanja akasema hapana, yeye atalala uvunguni, kwa sababu alijua ndiko kulikokuwa na chakula."

Kila kitu kimo, na hakichekeshi. Sasa kata. Ondoa "bahili", maana sahani inayosukumwa inasema yenyewe. Ondoa "alikuwa ameiona", maana jibu la mwisho litatuambia. Ondoa "mjanja". Ondoa sababu ya mwisho yote. Waache waseme wenyewe:

Hodi ilipobishwa, mzee alisukuma sahani uvunguni.
"Karibu, mwanangu. Sisi tumeshakula."
"Sina njaa, mzee. Nimechoka tu."
"Basi panda kitandani ujipumzishe."
"Uvunguni panatosha, mzee."

Kimepungua kuwa chini ya nusu. Adabu ya kijana imebaki, tena imeongezeka: anaitikia kwa "mzee" mpaka mwisho, na heshima hiyo ndiyo inayomfunga mwenye nyumba asiwe na la kusema. Toleo la kwanza lilimwita mjanja na likasahau kumpa heshima.

Kisomee watu wawili au watatu kijiweni bila kuwatangulizia kwamba kinachekesha. Tazama wanacheka wapi. Wakicheka kwenye mstari wa nne, maana yake wameshaona kitakachokuja, na wa mwisho unaweza kufupishwa ukawa "Uvunguni panatosha" peke yake. Wakinyamaza mpaka mwisho kisha mmoja akauliza "uvunguni kuna nini?", mstari wa kwanza umesomwa haraka mno, wape nafasi ya kuiona sahani. Wakinyamaza wote, kiweke siku chache, kisha kijaribu kwa watu wengine kabla hujabadilisha neno. Yanapokuja marekebisho kutoka kwa wasikilizaji, yaandike kwenye daftari chini ya kichekesho, na jina la aliyeyatoa pembeni yake.